Usiikague meseji, iache palepale: jibu kwa dada aliyelizwa mara mbili sikukuu iliyopita

Swali lenyewe lilikuja hivi:

"Kaka habari za kazi. Sikukuu iliyopita nililizwa mara mbili ndani ya wiki moja. Kwanza niliagiza viatu vya watoto kwenye duka nililoliona kwenye tangazo mtandaoni, nikatuma hela moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji, viatu mpaka leo sijaviona. Siku mbili mbele ikaja meseji mzigo wako umekwama, lipia kiasi kidogo tuusogeze, mi nikajua ndo viatu vyenyewe, nikaweka kadi, asubuhi naamka akaunti nyeupe. Mwaka huu meseji zimeanza tena na zinaonekana za kweli kabisa, lugha imenyooka, jina la kampuni lipo. Mume wangu ananicheka, anasema niwe nasoma vizuri. Sasa nitajuaje ipi ya kweli ipi ya matapeli? Mama naye alipigiwa na mtu mwenye sauti ya mdogo wangu kabisa, analia anataka hela. Na wiki iliyopita kuna watu wameniandikia eti wanaweza kunirudishia ile hela ya viatu, niwajibu?"

Dada yangu pole sana. Nianze na la mwisho maana ndo la haraka: hao wa kurudisha hela usiwajibu, usiwape jina, usiwape picha ya kitambulisho, usiwape hela ya kufungua faili, kaa kimya tu. Ntarudi kwao chini nikwambie ni akina nani.

La pili, mwambie shemeji apunguze kucheka. Mi nimekaa miaka kadhaa kwenye kitengo cha malalamiko ya kadi na miamala, kazi yangu kutwa ilikuwa kusikiliza watu waliopigwa, na bado mwezi wa 12 mmoja nusura na mimi nipigwe kavu kavu. Nilikuwa kwenye foleni, nasubiri mzigo kweli, meseji ikaingia anwani yako haijakamilika, nikafungua, ukurasa umependeza, nikaanza kuandika namba za kadi na kidole gumba huku nasogeza mguu. Nimefika namba kama ya 12 kati ya zile 16 hivi, mtu wa nyuma akanigusa bega kwamba foleni imesogea. Nikainua kichwa, nikasogea, niliporudisha macho kwenye simu ndo nikajiona ninachofanya. Utaalamu wangu wote haukunisaidia chochote pale dada, kilichoniokoa ni bega. Kama ningekuwa nimekaa kwenye kochi peke yangu stori ingekuwa nyingine.

Kwaiyo hili la "soma vizuri" mi siliamini tena. Lilikuwa na maana zamani, meseji za kitapeli zilikuwa na lugha ya kuokoteza, herufi kubwa katikati ya neno, mtu unacheka unafuta. Tangu ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, ilipotoka mwezi wa 11 mwaka 2022 na wenzake wakafuata, tapeli yeyote anaandika barua safi kwa lugha yoyote kwa sekunde chache, hata ile asiyoijua. Ukimsubiri akosee herufi utasubiri sana.

Jina la mtumaji nalo usilitegemee, na hapa ndo wengi wanashangaa. Zile meseji za kawaida zinazokuja na jina la benki badala ya namba, lile jina ni maandishi tu ambayo mtumaji ameyaandika, na kwenye mitandao mingi hakuna mtu aliyehakikisha kwamba anayeandika ni mwenye jina. Simu yako inapanga meseji kwa jina, kwaiyo ya tapeli inaingia kwenye uzi uleule wa benki yako, chini kabisa ya ile ya kweli ya jana. Yaani unapandisha juu kucheki historia ili ujiridhishe, unakuta meseji za kweli za mwaka mzima, unaridhika, kumbe umeridhishwa na ushahidi wa mtu mwingine. Namba ya simu inayoonekana ukipigiwa ni hivyohivyo, inaweza kubandikwa.

Na kufuli! Watu bado wanaambiana eti ukiona kufuli kwenye anwani ya tovuti basi iko salama. Kile kikufuli kilikuwa kinasema tu kwamba mazungumzo kati yako na ile tovuti hayasikiki njiani, hakikusema unayeongea naye ni nani. Tangu huduma ya Let's Encrypt ianze kutoa bure vyeti vya usalama, vile vinavyoleta hicho kikufuli, mwishoni mwa 2015, kila mtu anavyo, matapeli wakiwemo. Google wenyewe walikiondoa kwenye kivinjari chao cha Chrome mwaka 2023 wakaweka alama nyingine, sababu mojawapo ni hiyohiyo, watu walikuwa wanakielewa vibaya.

Sasa ukiondoa lugha, jina, namba na kufuli, umebaki na nini cha kukagua? Karibu hakuna. Ndo maana ushauri wangu ni mmoja na unaonekana wa kijinga mwanzoni: acha kuikagua. Usijiulize hii ni ya kweli au feki, hilo swali linakuweka ndani ya ukurasa wao na kwa masharti yao. Jiulize swali jepesi zaidi, nani kaanza? Kama ni wewe uliyefungua programu ya benki, uliyepiga simu, uliyeandika anwani ya duka kwa mkono wako, endelea. Kama ni wao waliokuja kwako kwa meseji, simu, tangazo au barua pepe, basi hata kama ni wa kweli asilimia mia, unaiacha ile meseji palepale na unaenda kwa njia yako mwenyewe. Mzigo umekwama? Fungua ile oda yako ya asili, ile barua pepe ya siku uliyonunua, chukua namba ya kufuatilia mzigo humo, iingize kwenye tovuti ya msafirishaji uliyoiandika wewe. Benki inasema kuna muamala wa ajabu? Kata simu, geuza kadi, piga namba iliyochapwa nyuma. Kama ni kweli utaikuta ishu inakusubiri hukohuko. Kama haipo, we endelea na mambo yako, huhitaji hata kujua walikuwa wanataka nini.

Uzuri wa hii ni kwamba haikutaki uwe mjanja. Ukiwa umechoka, watoto wanalia, unapika, bado inafanya kazi. Kukagua kunahitaji akili iliyotulia na sikukuu hakuna mwenye akili iliyotulia.

Kuna swali huwa naulizwa, wamejuaje nina mzigo? Hawakujua dada. Wanatuma kwa maelfu kwa mpigo, ni wavu umetupwa baharini, na kipindi cha sikukuu kila nyumba kuna mtu anasubiri kitu, kwaiyo meseji ileile ambayo katikati ya mwaka ungeifuta bila kufikiri, mwezi wa 12 inaonekana imeandikwa kwa ajili yako.

Ngoja nikueleze kilichokupata wewe pale kwenye kadi, maana kwa ulivyosimulia nadhani naujua mchezo. Kile kiasi kidogo cha kusogeza mzigo hakuna aliyekuwa anakihitaji, kimewekwa kidogo makusudi ili usifikirie. Walichotaka ni namba za kadi, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma. Ukibonyeza lipa ukurasa unaanza kuzunguka, kile kiduara, unangoja. Muda uleule upande wa pili kuna mtu au programu inaingiza kadi yako kwenye pochi ya kidijitali ya simu yao, zile za kulipa kwa kugusisha simu dukani. Benki yako inaona kadi inataka kuongezwa kwenye simu mpya, inakutumia wewe namba za kuthibitisha. Na ule ukurasa unabadilika, "ingiza namba uliyotumiwa ili kukamilisha malipo". Unaingiza. Imeisha hiyo. Kadi yako saivi inaishi kwenye simu ya mtu usiyemjua, na anaweza kuitumia kesho yake au wiki ijayo bila kukuuliza namba nyingine. Ndo maana jioni hukuona kitu, ukaona asubuhi.

Sasa jambo la kuuma ni kwamba mara nyingi ile meseji ya benki yenyewe inasema kazi ya zile namba. Inaandika kabisa, namba hii ni ya kuongeza kadi kwenye simu, au ni ya kuidhinisha malipo ya kiasi hiki kwa fulani. Sisi hatusomi, macho yanakimbilia tarakimu sita, na simu nyingi siku hizi zinakujazia zenyewe hata meseji hujaifungua. Kama kuna kitu kimoja cha kusoma kwa makini maishani mwako basi ni hiyo sentensi moja kabla ya zile namba. Inasema kiasi gani? Kwa nani? Kufanya nini? Kama haifanani na unachofanya muda huo, simama hapohapo. Na mtu akikupigia akakuomba umsomee, awe nani, ameongea kwa upole kiasi gani, hakuna. Mfanyakazi wa benki hazihitaji zile namba, ni za kukuhakiki wewe kwenye mfumo, sio za kumpa yeye.

Najua utaniambia sawa kaka lakini kuna wakati lazima nifungue linki, duka jipya nimeliona, nitaingiaje? Basi jifunze kusoma anwani, ni kitu cha dakika mbili na watu wengi hawajawahi kuonyeshwa. Chukua mfano wa kubuni huu:

https://benkiyako.com.hakiki-malipo.top/ingia

Jicho linasoma kutoka kushoto, linaona benkiyako.com, linatulia. Ndo wanachotaka. We tafuta kile kimkwaju (/) kimoja cha kwanza baada ya ile https://, hapa ni kile kabla ya neno ingia. Kisha rudi nyuma kutoka pale, kuelekea kushoto, chukua vipande viwili vya mwisho. Unapata hakiki-malipo.top. Huyo ndo mwenye nyumba. Yote yaliyo kushoto kwake ni pazia tu, mwenye nyumba anaweza kuandika chochote pale, hata jina la rais. Kama mwisho wa anwani una vipande viwili vyenyewe, kama vile .co.uk, basi chukua vitatu. Fanya zoezi na linki tano za kweli ulizonazo kwenye simu, mkono utazoea.

Hata hiyo haitoshi kila wakati, nisikudanganye. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa usalama alisajili anwani iliyoonekana apple.com herufi kwa herufi kwenye baadhi ya vivinjari, kumbe ameandika kwa herufi za Kisirili, zile za Kirusi na wenzake, ambazo zinafanana na zetu kwa macho. Vivinjari vikarekebishwa, ila unaona jicho lilivyo dhaifu. Kitu ambacho hakidanganyiki kirahisi ni programu ya kutunza nywila, ile inayokujazia neno la siri yenyewe. Yenyewe haiangalii sura ya ukurasa, inalinganisha anwani. Ukifika kwenye ukurasa wa "benki yako" na ikagoma kujaza wakati kila siku inajaza, usiilazimishe kwa kuandika kwa mkono, inakwambia kitu. Zile funguo mpya za kuingilia kwa alama ya kidole au sura, zinaitwa passkey, ambazo Apple, Google na Microsoft walikubaliana kuzisambaza 2022, zina faida hiyohiyo, ufunguo wa tovuti moja haufungui kwenye tovuti nyingine hata ukitaka wewe mwenyewe. Kama benki yako au barua pepe yako inakupa hiyo option, iwashe kabla ya sikukuu, sio baada.

Twende kwenye viatu. Kuhusu maduka ya kwenye matangazo sitakuchosha na mambo ya kucheki maoni ya wateja, maoni yananunuliwa na picha zinaibiwa, japo ukiichukua ile picha ya bidhaa ukaitafuta kwa picha mtandaoni na ukaikuta kwenye maduka 20 yenye majina tofauti na bei tofauti, umeshapata jibu. Unaweza pia kuangalia anwani ya duka ilisajiliwa lini, kuna huduma za bure za kuangalia hilo, na duka linalojisifu lipo miaka kumi huku anwani ina wiki tatu, hapana. Lakini kwa maoni yangu ishu kubwa sio kuchagua duka, ni kuchagua jinsi ya kulipa. Kwa sababu siku moja utakosea duka tu, hata mimi, na siku hiyo kinachoamua kama hela inarudi ni njia uliyolipia.

Wewe ulituma moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji. Kwa macho ya benki nyingi hapo hujaibiwa, umetuma kwa hiari yako, umeweka namba yako ya siri mwenyewe. Uingereza wamebadilisha hilo, tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zao zinalazimika kumfidia aliyetapeliwa kwa namna hii hadi pauni 85,000, lakini hiyo ni kwao, sehemu nyingi duniani bado ukituma umetuma. Kadi ni tofauti. Ukilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard na bidhaa haikufika, unaweza kwenda benki kuupinga muamala, na kanuni za mitandao hiyo kwa kawaida zinatoa dirisha la siku 120, ingawa benki yako inaweza kukupa muda mfupi zaidi kwaiyo usilale nalo. Kadi ya mkopo ni bora kuliko ya akaunti, kwa sababu mgogoro ukitokea hela iliyoshikiliwa ni ya benki, sio ya ada ya shule. Na kama programu ya benki yako ina kadi ya mtandaoni tu unayoweza kuiwekea kikomo na kuizima, tumia hiyo kwa maduka mageni, iwekee kiasi cha viatu na sio zaidi.

Muuzaji akigoma njia zote hizi na kutaka utume kwa mtu binafsi, au sarafu za mtandao, au mbaya kuliko zote anakwambia nunua kadi za zawadi umsomee namba za nyuma, mjadala umefungwa. Hakuna kampuni wala ofisi ya serikali popote inayodai deni kwa kadi za zawadi. Nimewahi kumsikiliza mtu mzima mwenye degree mbili akinieleza kwa nini ilikuwa na maana wakati ule, na ilikuwa na maana kweli kwa jinsi alivyokuwa amebanwa kwenye simu dakika 50 bila kupumua.

Hapo kwenye kubanwa ndo naingia kwa mama. Kwanza mpe pole na umpe hongera maana hujasema alituma. Kuiga sauti sio uchawi tena, mwezi wa kwanza 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo wa kuiga sauti ya mtu kwa sampuli ya sekunde tatu tu, na sekunde tatu za mdogo wako ziko kwenye kila video aliyowahi kupost. Tena sio sauti peke yake. Mwanzoni mwa 2024 mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong aliingia kwenye kikao cha video, akamuona bosi wake wa fedha na wenzake wengine kwa sura, wakamwelekeza alipe, akalipa jumla ya dola za Hong Kong milioni 200, kama dola milioni 25 za Marekani. Wale watu wote kwenye kikao walikuwa wa kutengenezwa. Na inasemekana mwanzoni alikuwa na wasiwasi, ni zile sura ndo zilimtuliza.

Lakini angalia mifupa ya stori sio ngozi. Karne ya 19 kulikuwa na barua zikizunguka Ulaya na Marekani za "mfungwa wa Hispania", tajiri kafungwa gerezani, anaomba msaada wa siri wa kumtoa, haraka, usimwambie mtu, utalipwa. Mtu wako yuko matatani, muda hakuna, usimwambie yeyote. Simu aliyopigiwa mama ni barua ileile, wameipa mdomo tu. Kwaiyo mama hahitaji kujifunza kutambua sauti bandia, hawezi, mimi mwenyewe siwezi. Anahitaji ruhusa ya kukata simu hata kama anayelia ni mwanae. Hilo ni gumu sana kwa mzazi, na ndo maana lazima mliongee kabla, mkiwa mmekaa mmetulia, na mdogo wako awepo amwambie mwenyewe: mama ukisikia mimi nalia nataka hela, kata, nipigie kwenye namba yangu ya siku zote, sitakasirika. Akimwambia mwenyewe ina uzito tofauti. Alafu chagueni neno la familia, la kipuuzi, ambalo halipo kwenye posti zenu wala sio jina la paka. Mama akiuliza neno na upande wa pili ukaanza kulia zaidi badala ya kujibu, basi.

Mengine nayapitia haraka. Rafiki kwenye WhatsApp akikwambia nimetuma namba sita kwako kwa bahati mbaya nirushie, huyo sio rafiki, akaunti yake imeshatekwa na inatafutwa yako, ingia kwenye mipangilio uwashe uthibitishaji wa hatua mbili leo hii, na angalia vifaa vilivyounganishwa kama kuna kompyuta usiyoijua. Mtu akikwambia nimekutumia hela kwa makosa nirudishie, usiamini meseji, fungua salio lako mwenyewe, na hata ukiikuta kweli usimrushie wewe, mwambie aombe kwa mtoa huduma aurudishe muamala, maana hela yenyewe inaweza kuwa ya wizi. Kupokea hela hakujawahi kuhitaji namba yako ya siri, ukiombwa pini ujue unatoa. Zile alama za mraba za kuskani, mtu anaweza kubandika stika yake juu ya ile halali, ipitishe kidole uone kama ina tabaka mbili. Umeweka oda ya hoteli na meseji ya "thibitisha kadi yako la sivyo tunafuta" ikaja ndani ya programu yenyewe ya kuwekea oda? Hata hiyo, maana akaunti ya hoteli huwa inatekwa na matapeli wanaandika kutoka humohumo, kwaiyo piga hoteli kwa namba uliyoitafuta wewe. Na michango ya yatima, toa, ila chagua mwenyewe wa kumpa, sio aliyekufuata na picha ya mtoto na akaunti ya mtu binafsi.

Ikitokea umebonyeza tena, na inaweza kutokea, usianze kwa kujilaumu, anza kwa kuzima kadi, programu nyingi za benki zina kitufe cha kuigandisha na ni sekunde kumi. Kisha piga namba ya nyuma ya kadi, na uwaambie neno hili hasa, waangalie kama kadi imeongezwa kwenye pochi ya simu yoyote na waitoe, kwa sababu wengine wanabadilisha kadi na wanasahau hilo. Kisha badilisha nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, maana aliye na barua pepe yako ndo anayepokea linki za kubadilisha nywila za kila kitu kingine. Kama walikushawishi uweke programu ya kuongozea simu kwa mbali, zima intaneti kwanza ndo uitoe. Piga picha za skrini kabla hawajafuta, ripoti polisi upate namba ya kesi hata kama unaona hawatafanya kitu, benki itakuuliza hiyo namba. Aibu isikucheleweshe. FBI peke yao, wale wapelelezi wa Marekani, kwa taarifa walizopokea mwaka 2024, walihesabu hasara za dola bilioni 16.6, hizo haziwezi kuwa za wajinga tu, wajinga hawana hela zote hizo.

Sasa wale wa kurudisha hela. Wamejuaje kwamba wewe ulilizwa viatu? Hao hawakurusha wavu kama wale wa mzigo, hao wana orodha. Ukishatapeliwa mara moja jina lako, namba yako na kiasi ulichopoteza vinaweza kuuzwa kama orodha ya watu waliowahi kulipa, na bei yake iko juu kuliko ya orodha ya watu wa kawaida, au mara nyingine ni haohao wa viatu wamebadilisha nguo. Watajiita mawakili, wachunguzi, wadukuzi wazuri, kitengo cha serikali, watakuonyesha hela yako "imeshapatikana" kwenye skrini imebaki tu ada ndogo ya kuiachilia. Ukilipa, kunatokea kodi. Ukilipa kodi, kunatokea uthibitisho. Nani kaanza dada? Wao. Hela ya viatu kama kuna mlango wa kuirudisha ni benki yako ile uliyotumia na polisi ulikoripoti, na hao hawalipishi. Kama hukuripoti mwaka jana nenda wiki hii na risiti ya ule muamala na jina la akaunti uliyotumia. Ile meseji yao ipige picha uiambatanishe, alafu block.